Ruthu Alitoka Asubuhi: Somo kwa Mwanafunzi Anayetafuta Kazi

Maandiko ya somo: Ruthu 2:1–23. Soma pia Walawi 19:9–10.

Somo hili nililitoa kwa ufupi katika ibada ya vijana Jumapili iliyopita. Baada ya ibada wazazi walinisimamisha mlangoni mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na swali lake, kwa hivyo hapa nimeongeza yale ambayo madhabahuni sikuyapatia muda. Mzazi, soma kwanza wewe, halafu mpe mtoto aliye chuoni. Kama yuko mbali, piga picha kurasa hizi umtumie kwa WhatsApp.

Nianze kwa kuungama.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa tatu, kijana mmoja wa hapa kwetu alinijia ofisini baada ya maombi ya Jumatano. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, anasomea ununuzi na ugavi. Akaniambia, "Pasta, niombee, natafuta atachimenti." Nikamwekea mikono. Tuliomba kwa nguvu, hata mlinzi wa lango akasikia. Tulipomaliza nikamwambia, "Enda kwa amani, mlango umefunguka."

Sikumwuliza ameandika barua ngapi. Alikuwa ameandika mbili, tena zote mbili alizipeleka ofisi za mtaa mmoja akarudi nyumbani kungoja. Mei ikaja, Juni ikapita, na simu haikulia. Katika kozi yake atachimenti ni somo kama masomo mengine, lina alama zake, na bila alama hizo jina lake halikuingia kwenye orodha ya mahafali. Wenzake walivaa majoho yeye akiwa nyumbani. Mama yake, anayeuza mboga sokoni, alikuwa ameshaalika watu na kuagiza mbuzi.

Mama huyo alikuja kuniona. Hakunigombeza. Alisema tu, "Pasta, nyinyi mlioenda chuo, kwani hamngemwambia vile hufanywa?"

Wapendwa, mimi nina digrii ya biashara. Kabla ya kuitwa katika huduma hii nilitafuta kazi mwaka mzima na miezi minne, nikapata, nikafanya miaka sita. Vile hufanywa nilikuwa najua. Nilimpa yule kijana maombi, nikamnyima nilichokuwa nacho kichwani. Leo nalipa deni hilo, ingawa kwake nimechelewa.

Ruthu alijua mlango uko wapi

Fungua Ruthu sura ya 2. Naomi na mkwewe wamefika Bethlehemu, hawana kitu. Ruthu ni Mmoabi, hajulikani, ni mjane. Lakini tazama mstari wa 2. Yeye mwenyewe ndiye anayeomba ruhusa kwa mama mkwe aende shambani kuokota masazo. Hakungoja mtu aje kubisha mlango.

Tena hakwenda kubahatisha tu. Sheria ya Walawi 19 ilimwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni wala asirudi kuokota yaliyoanguka, awaachie maskini na mgeni. Ruthu alikuwa yote mawili. Kwa maneno mengine, alienda palipokuwa na nafasi iliyotengwa kwa mtu kama yeye. Ndiyo maana mwanafunzi anapaswa kwanza kujua nafasi zilizotengwa kwa ajili yake, maana zipo. Kuna atachimenti, unapokuwa bado masomoni. Kuna NITA, taasisi ya serikali inayosimamia mafunzo ya viwandani. Kuna mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma wa kuwachukua waliohitimu wakajifunze kazi katika ofisi za serikali kwa mwaka mmoja, na maombi hayo hufanywa mtandaoni bila kulipa hata shilingi. Kuna bodi za utumishi wa umma za kaunti, zote 47. Halafu kuna kampuni kubwa na benki ambazo huchukua wahitimu wapya kuwafundisha kazi, na nyingi huanza kuwatafuta wakiwa bado mwaka wa mwisho. Nafasi hizi ni zako ukiwa mwanafunzi au umemaliza juzi. Ukikaa nyumbani miaka mitatu ukingoja kazi ya umeneja, nyingine zitakuwa zimefungwa kwako.

Nafasi za serikali hutangazwa katika gazeti la MyGov, ambalo hutoka Jumanne na husomwa pia mtandaoni. Jumanne jioni kaa nalo nusu saa. Kuna vijana wanaojua matokeo ya mpira wa Uingereza hadi ligi ya tatu, na MyGov hawajawahi kulifungua.

Jambo lingine kwa Ruthu ni majira. Alifika mwanzo wa mavuno ya shayiri na mstari wa 23 unasema aliokota hadi mavuno ya shayiri na ya ngano yakaisha. Shamba lina majira yake. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hufanya atachimenti kati ya Mei na Agosti. Sasa ikiwa kila chuo kinatoa watu Mei, unafikiri barua inayofika mwisho wa Aprili itakuta meza ikiwa tupu? Andika Januari. Februari fuatilia. Machi uwe unajua unakoenda, au unajua kwamba hujui na bado una wiki nane za kukimbia. Yule kijana wangu alianza mwezi wa tatu akiwa na barua mbili. Hesabu mwenyewe.

Daftari

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo digrii yangu ilinisaidia, baada ya kuchelewa.

Miezi sita ya kwanza nilitafuta kazi kama watu wengi. Bahasha ya kaki kwapani, viatu vimeliwa kisigino, Industrial Area kutoka lango hadi lango. Siku moja nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye sauti ya upole. Akasema anapiga kuhusu ombi langu. Nikamwuliza, "Samahani, mnatoka kampuni gani?" Akanitajia. Nikauliza tena, "Ni nafasi gani hiyo?" Akanyamaza kidogo, akasema atanipigia baadaye. Hadi leo sijaona simu hiyo. Nilikuwa nimetuma maombi mengi hata sikujua nimeomba nini wapi.

Jioni hiyo nikanunua daftari la shilingi arobaini. Mtu aliyesoma hesabu za biashara hawezi kuendesha duka bila daftari la pesa zinazoingia na kutoka, na mimi nilikuwa naendesha miguu yangu na nauli ya mama yangu bila kuandika chochote! Nikapiga mistari. Tarehe niliyotuma. Jina la kampuni na nafasi yenyewe. Niliiona wapi. Nilituma kwa nani na kwa njia gani. CV ipi nilitumia, kwa kuwa nilikuwa nayo ya aina mbili, moja ya kazi za uhasibu na nyingine ya kazi za mauzo. Siku ya kufuatilia. Jibu. Na mwisho kabisa, nimetumia pesa ngapi: nauli, kuchapisha, bando za intaneti, saiba.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo ilinifungua macho. Baada ya mwezi nilijumlisha nikaona kwamba kutembeza bahasha langoni kulikuwa kumenila karibu pesa zote na hakukuwa kumenipa hata mahojiano moja. Mahojiano yote mawili niliyoitwa yalitoka kwa watu walionieleza kuhusu nafasi: mmoja mwalimu wangu wa chuo, mwingine mama wa ushirika wa nyumbani ambaye dada yake alikuwa karani. Sisemi lango halimsaidii mtu. Kwa mafundi na kazi za mikono lango bado linafanya kazi sana. Nasema kwamba mimi nisingejua bila daftari. Ningeendelea kuchosha miguu na kuita uchovu huo imani.

Siku ya kufuatilia nilikuwa naiandika wiki mbili mbele. Ikifika napiga simu au natuma barua pepe fupi: jina langu, nafasi niliyoomba, tarehe niliyotuma, nauliza kwa heshima kama imepokelewa. Sentensi tatu, basi. Wengine hawakujibu. Mmoja aliniambia barua yangu haikuwa na sahihi, nitume tena. Kama nisingepiga, ningebaki nafikiri nimekataliwa.

Unaweza kutumia simu badala ya daftari. Lakini andika.

Karatasi

Watu wanapoteza kazi kwa karatasi, nami nimewaona. Anza kuzikusanya ukiwa mwaka wa pili.

Tazama majina yako. Kwenye kitambulisho unaitwa hivi, kwenye cheti cha KCSE jina la baba limeandikwa kwa herufi tofauti, kwenye cheti cha kuzaliwa kuna jina ambalo hulitumii. Likitokea siku ya kuajiriwa, utakimbizana na wakili na ofisi za serikali huku mwenzako akiketi kwenye kiti chako. Litatue sasa. Cheti cha KCSE nacho, kama bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la karo, nenda mkaongee na mwalimu mkuu wewe na mzazi. Usiogope. Mwenye kukimbia deni hulikuta mbele.

Halafu PIN ya KRA. Wengi mliichukua mlipoomba mkopo wa HELB mkasahau kwamba mwenye PIN anatakiwa kuwasilisha taarifa kila mwaka kabla ya Juni 30, hata kama hakupata shilingi moja. Ni dakika tano tu kwenye simu, unajaza kwamba hukuwa na mapato. Usipofanya, faini ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka uliopita. Mwanafunzi wa miaka minne anaweza kuhitimu akiwa na deni la kodi wakati hajawahi kuajiriwa hata siku moja! Na cheti cha kutodaiwa kodi utaulizwa.

HELB wenyewe wanatarajia uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Usipowaambia lolote, adhabu za kila mwezi zitaanza kupanda. Kama bado huna kazi waandikie, wajue uko wapi. Ni pesa zilizokusomesha na zinangojewa na mdogo wako. Cheti cha maadili mema cha DCI unakiomba kupitia eCitizen, unalipa shilingi 1,050, kisha unapigwa alama za vidole. Hicho usikichukue mapema mno kwa kuwa waajiri wengi hutaka cha karibuni.

Kuhusu CV sitasema mengi. Kurasa mbili zinatosha. Usiandike dini ya babu yako. Anwani ya barua pepe iwe majina yako, si lile jina ulilojipa kidato cha pili. Na wimbo unaosikika mtu akikupigia simu, hebu upige mwenyewe leo kwa simu ya jirani uusikie kama bosi atakavyousikia.

Lakini kuna kitu wana wa kanisa huacha nje, na mimi huniuma. Msichana mmoja wa hapa aliniletea CV yake nimsomee. Chini ya uzoefu wa kazi aliandika "hakuna". Dada huyu alikuwa mweka hazina wa umoja wa Wakristo chuoni kwao. Nilimwuliza wakati wa misheni walikusanya kiasi gani. Akasema laki mbili na elfu kumi na nne, kutoka kwa watu zaidi ya mia, na alitoa hesabu iliyokaguliwa na haikupungua shilingi. Nikamwuliza, "Na hapa umeandika hakuna?" Kijana anayepanga vyombo vya sauti kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, na hajachelewa miaka miwili, ana jambo la kumwambia mwajiri. Mwalimu wa Sunday School ana jambo. Andika ulichofanya, andika idadi, na idadi iwe ya kweli. Ukiongeza sifuri moja, hiyo ni dhambi kama ile nyingine ya kwenye sadaka.

Boazi alikuwa ameshaambiwa

Mstari wa 5, Boazi anafika shambani na kumwuliza msimamizi, huyu msichana ni wa nani? Msimamizi anajibu bila kusita: ametoka Moabu pamoja na Naomi, aliomba ruhusa, amekuwa hapa tangu asubuhi. Na mstari wa 11 Boazi anamwambia Ruthu kwamba amekwisha kuelezwa yote aliyomtendea mama mkwe wake.

Wapendwa, huyo msimamizi ndiye mdhamini wa CV. Aliulizwa ghafla, akawa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa juu ya kazi aliyoiona kwa macho.

Mwaka juzi nilipigiwa simu nikiwa kwenye matatu. Mtu akasema anatoka kampuni fulani, na ndugu fulani ameniandika kuwa namjua vizuri. Jina lilinipita. Makelele ya gari, muziki, nikasema, "Eeh, ni... ni mshiriki wetu." Akauliza, "Tabia yake ya kazi ikoje?" Nikasema ni mtu mzuri. Akauliza, mzuri kivipi? Sikuwa na la kusema. Jioni nilipokumbuka ni nani nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu ni kijana ninayemwamini kabisa. Lakini hakuwa ameniambia ameniandika. Sikujua ni kazi gani. Nilimharibia bila kukusudia.

Kwa hivyo sheria yangu siku hizi ni hii, na wachungaji wenzangu tumekubaliana. Ukitaka kutuandika kama wadhamini, tuombe kwanza. Tuletee CV yako na tangazo la kazi. Tukumbushe ulichofanya hapa kanisani. Na kama mwaka mzima hatujakuona, usikasirike tukikataa. Kwa mwalimu wa chuo na msimamizi wa atachimenti fanya vivyo hivyo. Siku ya mwisho ya atachimenti usiondoke kama mtu anayetoroka. Mshukuru msimamizi, mwombe barua, chukua namba yake, na baada ya miezi mitatu mtumie salamu, si lazima uwe na shida.

Kujuana

Hapa ndipo wazazi walinibana mlangoni. "Pasta, Kenya hii bila kujuana mtoto ataajiriwa na nani?" Mzee mmoja akaniongezea kwamba mkono mtupu haulambwi.

Boazi alikuwa jamaa ya Elimeleki, mume wa Naomi. Mstari wa 1 unatuambia. Lakini tazama vizuri, asubuhi ile Ruthu hakwenda na barua ya Naomi. Aliingia shamba hilo bila kujua ni la nani. Jamaa alimkuta akifanya kazi, na Naomi akamweleza jioni kwamba yule ni ndugu. Ujamaa ulikuwepo, ila ulimkuta na masuke mkononi.

Maoni yangu ni haya, na mwenye maoni mengine tuonane. Kumwambia mtu kwamba unatafuta kazi si ufisadi. Waambie watu, tena waeleze vizuri, si "nitafutie kazi yoyote". Sema, "Shangazi, namaliza kozi ya takwimu Desemba, natafuta mahali pa kuanzia kwenye kazi za utafiti. Ukisikia tangazo naomba unijulishe." Shangazi anaweza kukumbuka maneno hayo. "Kazi yoyote" hakuna anayeikumbuka. Kumwuliza aliye ndani ya kampuni kazi yao ikoje, wanataka mtu wa namna gani, hilo pia ni sawa. Lakini ukimwomba akupitishe mlango wa nyuma ili aliyekushinda aachwe nje, hapo umevuka. Na ukitoa chai, umenunua kiti ambacho utaogopa kukikalia.

Kuna wengine wanaotaka chai hiyo wala hawana kazi ya kutoa. Anakutumia ujumbe kwa namba ya simu ya kawaida: hongera, umechaguliwa, tuma 1,850 za faili na za kupimwa afya, leo kabla ya saa kumi. Hukuwa umeomba popote, umechaguliwa na nani? Mwajiri wa kweli hakuulizi pesa za M-Pesa ili akuajiri. Mahojiano ya kazi ya ofisi hayafanyiwi chumba cha loji. Wale wa kazi za Ghuba, kabla hujatoa pasipoti, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwaka huu pekee washiriki wetu watatu wameliwa pesa kwa njia hii, na mmoja alikuwa amekopa kwa chama cha mama yake. Hakutuambia kwa miezi miwili kwa aibu. Ikikupata, sema mapema. Aibu ni ya aliyeiba.

Na niliseme hili pia, kwa kuwa mimi ni mtu wa madhabahu. Mtu akikuambia utume pesa kwa namba yake ili akuombee upate kazi, awe nabii au mtume, usitume. Hata akiwa mimi! Maombi ya hapa hayana ada.

Siku ya mahojiano

Mahojiano yangu ya kwanza yalinishinda kwa swali la kwanza. "Tuambie unachojua kuhusu kampuni yetu." Nilikuwa nimefunga siku mbili. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja juu yao. Nikasema mimi ni mchapakazi na mwaminifu. Mzee mmoja pale mezani akavua miwani, akaniambia kwa upole, "Kijana, hilo si jibu la swali langu." Nilitoka nikasema adui amenipinga. Adui wa nini? Nilikuwa sijajitayarisha.

Soma tangazo mstari kwa mstari, na mbele ya kila mstari andika jambo moja ulilowahi kufanya linalofanana. Jua wanauza nini na wanashindana na nani. Jua wenye kazi kama hiyo hulipwa kiasi gani, ili ukiulizwa mshahara usiseme "chochote". Mwombe ndugu wa ushirika akuulize maswali kwa sauti, ujibu kwa sauti, maana kichwani kila mtu ni fasaha. Ukimaliza mahojiano, andika kwenye daftari maswali yote waliyouliza ukiwa bado unayakumbuka. Mengi yatarudi kwingine.

Mtu akaniuliza, kwani kufunga na kuomba hakuna faida? Ipo. Ruthu hakuchagua shamba la Boazi, lilimtokea, na ninaamini najua ni nani aliyelipanga. Ila shamba hilo lilimtokea akiwa ameshatoka nyumbani.

Kwa mzazi

Neno moja tu. Naomi alimwuliza Ruthu jioni, umeokota wapi leo? Aliuliza baada ya kuona alichookota, nacho kilikuwa kama efa moja ya shayiri, mzigo si haba. Lakini naamini hata angerudi mikono mitupu, Naomi angemuuliza vivyo hivyo. Kuna namna ya kuuliza inayojenga. "Leo ulituma wapi? Walikujibu?" Na kuna ile nyingine ya mtoto wa jirani ameshanunua gari. Mtoto wako anamjua mtoto wa jirani. Huna haja ya kumkumbusha mezani. Kama unaweza, mtengee pesa kidogo za bando na nauli kila wiki, ziandikwe kwenye daftari, na Jumamosi mkae mlipitie pamoja kama watu wa biashara moja.

Yule kijana wa mwanzo alirudia atachimenti mwaka uliofuata. Safari hii tulikaa naye Januari, akaandika barua kumi na tisa, tatu zikajibiwa, moja ikamchukua. Amehitimu Desemba iliyopita. Kazi ya kudumu bado. Kwa sasa anahesabu mali kwenye duka la vifaa vya ujenzi siku tatu kwa wiki, na siku mbili zilizobaki ni za daftari. Jumatano iliyopita lilikuwa na mistari arobaini na sita na mahojiano mawili, la pili akingoja jibu. Tuliomba pamoja, halafu nikamwuliza siku ya kufuatilia ni lini. Akasema Ijumaa.

Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, kutakuwa na meza kwenye ukumbi mdogo nyuma ya ofisi. Nitakuwapo mimi, dada mmoja anayefanya kazi ya kuajiri watu, na kijana huyo huyo. Njoo na CV iliyochapishwa, kitambulisho, na kalamu. Daftari tutakupa.